Safari Yetu ya Kutafuta Isogi Hapa Nakivale

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea hatutaandika juu ya mitihani wala sare. Tunataka kuwaelezea matembezi tuliyofanya na wanafunzi wetu wa darasa la sita, tukitafuta mboga moja ambayo wengi wetu tunaikanyaga kila siku tukidhani ni majani tu.

Kusema ukweli, safari hiyo ilianza kwa kosa letu wenyewe.

Mvua za Machi zilipoanza tuliwatoa wanafunzi darasani tukaenda kusafisha bustani ya shule. Tulitaka kupanda kabichi. Kwenye kona ya chini, pale tunapomwaga majivu na maganda ya jikoni, kulikuwa na mimea mingi iliyojiotea yenyewe. Ilikuwa na harufu kali, na ukiishika inanata kidogo kwenye vidole. Tukasema ni magugu. Jembe likapita. Baada ya nusu saa tulikuwa na lundo kubwa, tukalitupa kando ya barabara, tukanawa mikono tukarudi darasani tukiwa tumefurahi kabisa.

Jioni akapita mama mmoja, mzaliwa wa Masisi, ambaye binti yake anasoma kwetu. Alisimama mbele ya lile lundo, mikono kiunoni, asiseme neno. Kisha akatandika kikwembe chake chini, akaanza kuchambua majani ambayo yalikuwa hayajanyauka bado.

"Mwalimu," akasema bila kutuangalia, "hii munaita majani? Hii ni isogi. Mimi nachuma hapa kila jioni ju ya mtoto."

Mtoto mwenyewe tunamjua vizuri. Ni msichana mwerevu, lakini ikifika saa nne asubuhi anainamisha kichwa kwenye dawati. Mwanzoni tulimgombeza, eti mvivu. Baadaye kliniki waliona ana upungufu wa damu, wakampa vidonge vya madini ya chuma, na wakamwambia mama yake amtafutie mboga za majani kila siku. Kila siku, lakini kwa pesa gani? Nyote mnajua hali. Mwaka 2023 mgao ulianza kutolewa kwa makundi, na mwaka 2025 familia nyingi zikatolewa kabisa kwenye orodha. Kwa mama huyu ile kona ya majivu ilikuwa ndiyo soko lake, soko lisilodai shilingi. Na sisi, watu wa daftari na chaki, tulikuwa tumelilima lote.

Tulimwomba msamaha. Akakubali, maana ni mtu mwema, lakini akatupa kazi.

"Basi mwende mtafute mbegu mpande tena. Lakini mlete ile ya nyekundu. Ile ya kijani haina damu."

Mlinzi wa shule, mzee kutoka Burundi, alisikia akaruka kwenye kiti chake. "Hapana mama! Ya kijani ndiyo laini. Ile nyekundu ni chungu, watoto wanatema!" Wanafunzi nao wakagawanyika, wengine nyekundu, wengine kijani, kama vile ni timu za mpira. Wakatugeukia sisi tuamue. Kumbe walimu hatukujua. Basi tukasema: Jumamosi mje na madaftari, tutatembea tuone kwa macho.

MMEA WENYEWE

Kabla ya kuondoka tulikubaliana kwanza tunatafuta nini, maana majina yanachanganya. Kwa Kinyarwanda ni isogi. Msiichanganye na isogo, ambayo ni mnavu. Herufi moja tu ya mwisho, lakini ni mmea mwingine kabisa. Watanzania wanaiita mgagani. Waganda wanaiita jjobyo. Waacholi wa kaskazini wanaiita akeyo. Wakisii wa Kenya wanaiita chinsaga. Wanasayansi wameipa jina Gynandropsis gynandra. Yaani mboga hii ina majina mengi kuliko mkimbizi aliyepita kambi tatu.

Jani lake limegawanyika kama vidole vya mkono, mara nyingi vitano, lakini unaweza kukuta vitatu au saba. Shina lina vinywele vidogo vinavyonata. Ua lake ni jeupe au lina rangi ya zambarau kwa mbali, na nyuzi zake ndefu zinachomoza nje kama miguu ya buibui. Baada ya ua inatoka ganda nyembamba ndefu, na ndani yake mna mbegu ndogo nyeusi zenye mikunjo, kila moja imejikunja kama konokono.

Kijana mmoja aliyetukuta njiani alicheka sana: "Walimu, mnafundisha watoto kulima bangi?" Ni kweli vidole vya jani vinafanana kwa mbali. Lakini jani la bangi lina meno makali pembeni kama msumeno, na vidole vyake ni vyembamba na virefu. Cha isogi ni kipana katikati, na pembeni hakina meno makali ya namna hiyo. Wanafunzi waliandika tofauti hiyo kwenye daftari kwa herufi kubwa. Ukiwa na mashaka juu ya mmea wowote, usiupike. Muulize kwanza mtu anayeujua, maana kuna mimea ya sumu nayo inapenda kuota kwenye samadi na majalala.

KWENYE ZIZI LA JIRANI

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa kwa mzee mmoja Mnyankole, jirani yetu mwenyeji, mfugaji wa wale ng'ombe wa pembe ndefu. Tulibisha hodi kwa heshima, tukaeleza shida yetu. Akacheka akatuita tuingie.

"Eshogi? Twendeni nyuma."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na zizi la zamani. Ng'ombe walikuwa wamehamishiwa upande mwingine, likabaki uwanja wa samadi nyeusi iliyooza. Ndugu wasomaji, tulishangaa. Isogi ilikuwa imesimama hadi mabegani mwa wanafunzi, majani mapana kama kiganja cha mtu mzima, rangi ya kijani iliyokolea. Na mashina yake yalikuwa ya kijani, siyo mekundu.

Mzee alitueleza kuwa hajawahi kupanda. Ng'ombe wakiondoka, yenyewe inaingia. Mmea huu unapenda mahali palipoishi watu na mifugo: mazizi, majalala, kando ya nyumba, mashamba yaliyolimwa. Porini kabisa, ambako hakuna mtu, hauonekani sana. Ni mboga ya pori, ndiyo, lakini pori la karibu na mlango.

Samadi inafanya kazi mbili. Inaukuza mmea uwe na majani mengi, na inauchelewesha kutoa maua. Na hilo si jambo dogo, maana ukishatoa maua, majani yanakuwa madogo, machache na machungu. Tulipima kwa ulimi, tukatafuna jani bichi la mmea mchanga na jani la mmea wenye maganda. La pili lilitufanya tukunje uso wote. Basi tukaandika funzo la kwanza: kabla ya kuuliza rangi, uliza udongo na umri.

KWA BIBI WA JURU

Kutoka hapo tulielekea upande wa Juru, kwa bibi mmoja aliyetoka Kirundo, Burundi. Mlinzi wetu ndiye aliyetuelekeza, ingawa yeye ni mtu wa kijani na bibi ni mtu wa nyekundu. Njia ni ya vilima vikavu na miti ya miiba, na jua lilikuwa limeshapanda. Wanafunzi walianza kuuliza maji.

Bibi alitupokea vizuri, akatukalisha kivulini, akatupa maji ya kunywa kabla hajauliza tumefuata nini. Tulipotaja isogi, aliingia ndani akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Akalifungua polepole. Ndani mlikuwa na mbegu nyeusi, kiasi cha kujaza kijiko.

"Mwaka 2015 nilipokimbia sikubeba sufuria," akasema. "Nilibeba hii. Sufuria nilijua nitaipata kwa watu. Hii ningeipata kwa nani?"

Kiwanja chake ni kidogo, lakini kimepangwa. Isogi yake ina shina la zambarau, na hata mishipa ya majani ina wekundu. Ila tulipoangalia vizuri tukaona katikati ya mashina mekundu kuna machache ya kijani. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Bibi, hizi ulipata wapi?" Akajibu kwamba mbegu ni ileile moja. Jirani ana ya kijani, na nyuki hawana mpaka. Ndani ya mbegu za mmea mmoja unaweza kupata sura mbalimbali, kama watoto wa mama mmoja, huyu mweupe kidogo, huyu mweusi, wote tumbo moja.

Bibi hakuishia hapo. Alitufundisha kazi yake yote ya mbegu, nasi tunawaandikia hapa kama alivyosema:

Chagua mimea mitatu au minne iliyo bora, yenye majani mapana na inayochelewa kutoa maua. Usiichume kabisa, iache iwe ya mbegu. Mingine endelea kuichuma, na kila ukiona ua linataka kutoka, likate, mmea utatoa matawi mapya na majani mengine. Maganda yakianza kuwa ya njano, yakate kabla hayajapasuka, maana yakipasuka mbegu zote zinamwagika chini. Yakaushe kwenye ungo, pepeta, funga kwenye kitambaa, weka mahali pakavu.

"Na usipande haraka," akaongeza. "Mbegu mpya inalala. Iache ipumzike miezi, ndiyo iamke vizuri."

Baadaye tuliuliza watu wa kilimo wakasema bibi yuko sahihi. Mbegu ya isogi ikiwa mpya sana inaota kidogo tu, lakini baada ya kukaa kama miezi sita inaota vizuri zaidi. Bibi hakusoma hilo mahali popote. Alirithi kwa mama yake.

BONDENI KARIBU NA ZIWA

Wakati wa kurudi tulishuka bondeni, upande wa ziwa, tukidhani penye maji mengi patakuwa na isogi nyingi zaidi. Hapana. Tulikuta michache, myembamba, majani ya njano, na ingawa ilikuwa mifupi tayari imetoa maua. Mmea huu haupendi miguu yake ikae kwenye maji. Haupendi pia kivuli. Unapenda jua kali na joto, na namna yake ya kutumia mwanga wa jua ni ileile ya mahindi na mtama. Ndiyo maana kwenye vilima vyetu vikavu unaweza kukua pale ambapo kabichi inanyauka saa sita mchana.

Hapo wanafunzi walinyamaza kidogo wakifikiri. Msichana yule anayesinzia, ambaye naye tulikuwa naye siku hiyo, ndiye aliyesema: "Kumbe hata mboga moja haifanani mahali pote." Tukamwambia aandike hilo, ni lake.

SOKONI BASE CAMP

Jioni tulipita sokoni. Kabichi zilikuwa zimepangwa kwenye meza, zinang'aa. Isogi ilikuwa chini, juu ya gunia, mafungu machache kwa mama mmoja tu. Tulimuuliza kama inanunuliwa. Akasema wanunuzi wake ni wazee na akina mama waliojifungua. Vijana wanaiita mboga ya njaa. Wengine wanaficha fungu chini ya mfuko ili jirani asione.

Tulisikia vibaya, kwa sababu sisi pia tulikuwa tumeitupa ili tupande kabichi. Kwa hiyo siku ya pili tulikwenda kwa muuguzi wa kliniki, tukauliza maswali yote pamoja: nyekundu au kijani? Isogi au kabichi?

RANGI SI CHUMA

Muuguzi alianza na kabichi. Katika gramu 100 za kabichi mbichi kuna kalsiamu kama miligramu 40, na madini ya chuma kama nusu miligramu. Katika gramu 100 za majani mabichi ya isogi, jedwali linalotumika sana linaonyesha kalsiamu miligramu 288, chuma miligramu 6, na protini karibu gramu 5. Yaani kalsiamu zaidi ya mara saba, na chuma zaidi ya mara kumi. Kabichi si mbaya, tusielewane vibaya. Lakini ile iliyolala kwenye gunia ilikuwa inashinda ile iliyo juu ya meza.

Halafu akatuonya tusishike namba moja kama amri. Mwaka 1997 wataalamu wawili, Chweya na Mnzava, walitoa kitabu kizima juu ya mboga hii, wakakusanya vipimo vya sehemu mbalimbali. Chuma kilikuwa kati ya miligramu 1 na 11 katika gramu 100. Kalsiamu kati ya 213 na 434. Protini kati ya asilimia 3.1 na 7.7. Angalieni hiyo ya chuma: jani moja linaweza kuwa na chuma mara kumi kuliko jani lingine, na yote mawili yanaitwa isogi.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Sehemu inatoka kwenye mbegu. Watafiti walipolinganisha mbegu za Afrika Magharibi, za Afrika Mashariki na Kusini, na za Asia, waliona zinatofautiana kwa urefu, kwa upana wa majani na hata kwa vitamini. Sehemu nyingine inatoka kwenye udongo na samadi. Sehemu nyingine ni umri wa jani siku ya kuchuma. Na sehemu kubwa, alisema muuguzi, inapotelea jikoni.

"Na rangi?" tukauliza. Darasa zima lilikuwa linasubiri jibu.

Akasema wekundu wa shina unatokana na rangi ya asili ya mimea, ileile inayopaka maua na matunda zambarau. Siyo damu, na siyo madini ya chuma. Chuma cha kwenye mboga hakionekani kwa macho. Kwa hiyo huwezi kutazama shina jekundu ukasema hili lina damu, wala la kijani ukasema halina. Mwenye nyekundu aendelee na nyekundu, mwenye kijani asiitupe. Wote wawili wanaweza kuwa na mboga nzuri, na wote wawili wanaweza kuwa na mboga dhaifu.

Kwa hiyo ubishi wetu uliisha bila mshindi. Wanafunzi hawakufurahi sana, walitaka timu moja ishinde.

SUFURIA INAVYOIBA

Wazazi, hapa tunaomba msome polepole, kwa sababu ndipo tunapopoteza zaidi.

Uchungu wa isogi unatokana na vitu vya jamii moja na vile vya haradali na kabichi. Wengi wetu tukitaka kuuondoa tunachemsha majani kwa maji mengi, tunamwaga maji, tunachemsha tena, tunamwaga tena. Uchungu unaondoka, lakini vitamini C nayo inaondoka na maji hayo. Tunabaki na kamba za kijani.

Njia nyingine ziko, na ni za wazee wetu na majirani wetu. Chuma majani machanga asubuhi au jioni na uyapike siku hiyo hiyo. Osha kabla ya kukata, siyo baada. Tumia maji kidogo, funika sufuria, usiache motoni muda mrefu. Changanya na lengalenga au majani ya kunde ili uchungu upungue. Magharibi mwa Kenya wanaipika na maziwa, maziwa yanalainisha uchungu. Mama yetu wa Masisi anaweka karanga zilizotwangwa, na hilo lina faida mbili, maana vitamini A ya kwenye majani inahitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee. Vitamini A ndiyo inayosaidia macho ya mtoto kuona jioni.

Kuhusu chuma, muuguzi alitupa mambo mawili rahisi. La kwanza, kula mboga pamoja na kitu chenye vitamini C, kama kukamulia limau, au kula pera au chungwa pamoja na chakula. Mwili unapokea chuma zaidi. La pili, usinywe chai papo hapo na chakula. Chai inazuia chuma kuingia mwilini. Kunywa baada ya saa moja au mbili. Tuliposikia hivyo tuliangaliana sisi walimu, maana tunapenda chai ya mchana pamoja na ugali.

Kwa msimu wa kiangazi, watu wa kusini mwa Afrika huchemsha majani, huyafinyanga madonge na kuyakausha. Ukikausha majani, kausha kivulini penye hewa, kwa sababu jua kali linaharibu vitamini A.

Na tahadhari: msichume karibu na vyoo, wala kwenye mashamba yaliyopigwa dawa. Mtoto aliye chini ya miezi sita anyonye tu. Na mtu mwenye upungufu wa damu, hasa mama mjamzito, asiache vidonge vya kliniki eti kwa sababu anakula isogi. Mboga inasaidia dawa, haichukui nafasi yake.

KONA YETU LEO

Bibi wa Juru alitupa mbegu zake za mwaka jana, nusu ya kijiko. Mzee Mnyankole akatupa gunia la samadi na maganda makavu machache ya ile ya kijani. Tulichanganya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, tukazimwaga kwenye mistari, tukafunika kwa udongo mwembamba tu. Upande mmoja nyekundu, upande mwingine kijani, samadi sawasawa. Kabichi pia tulipanda, lakini kona ya majivu tuliiacha iwe ya isogi.

Baada ya wiki tano hivi tulichuma kwa mara ya kwanza. Fungu la kwanza tulimpelekea yule mama. Tulichanganya makusudi, mashina mekundu na ya kijani pamoja. Aliligeuza mkononi, akatuangalia.

"Mumeleta na ya kijani."

Tukamweleza yote: zizi, bonde, muuguzi, rangi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Sawa, nitapika zote. Lakini ile ya nyekundu nitaanza nayo." Tukacheka wote, tukamwachia. Sufuria ni yake.

Binti yake anaendelea na vidonge, na kila mwezi anapimwa. Muuguzi anasema damu inapanda polepole. Hatuwezi kusema ni isogi, wala hatuwezi kusema siyo isogi. Tunachojua ni kwamba wiki iliyopita saa nne asubuhi alinyoosha mkono kujibu swali la hesabu, akakosea, akanyoosha tena. Na kona ile sasa ni kazi yake. Yeye ndiye anayekata maua yanapotaka kutoka, na ameshafunga kamba kwenye mimea minne ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kuichuma. Miwili ni myekundu, miwili ni ya kijani.

Ndugu wasomaji, tunamaliza kwa ombi. Kila familia hapa ilikuja na kitu. Kama una mbegu ya isogi kutoka kwenu, iwe ya Rutshuru, ya Kirundo au ya mahali pengine, iwe na shina la rangi yoyote, tunaomba kiasi kidogo tu, kinachoingia kwenye kifuniko cha chupa. Tutaipanda kwenye mstari wake, tutaandika jina la mahali ilikotoka, na msimu ujao tutakurudishia zaidi ya ulichotupa. Na kabla ya kulima kona ya nyumba yako, tafadhali inama kwanza, hesabu vidole vya jani.

Walimu wenu wa kujitolea.